Chupa Nyeupe za Olinda

Griselda hakungoja sahani ziondolewe mezani. Alivuta kiti chake mpaka kikagusana na cha baba yake, akamwinamia usoni, akamwambia, "Baba, hebu pumua."

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu. Zabibu za mashamba ya Los Talas zilikuwa zimekwisha kuvunwa, na asubuhi ile Ladislao alitoka kuwasaidia wenzake kukamua, vidole vyake vikiwa vya zambarau mpaka kwenye kucha. Mbele yake palikuwa na kisahani cha chai chenye ravioli nne, vipande vidogo vya unga vilivyojazwa jibini. Mbili alikuwa amekula, mbili anazisukumasukuma kwa uma. Alimtazama binti yake, akafungua kinywa, akampumulia.

Griselda akanusa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane, karani wa benki, mwenye watoto wawili ambao wakati huo walikuwa uani wakigombania baiskeli.

"Sinusi kitu," alisema, lakini hakusogeza kiti nyuma. "Umepiga mswaki kabla ya kuja mezani?"

"Nimepiga. Kwani siku hizi kupiga mswaki nako ni kosa?"

"Usinifanyie mzaha, baba. Macho yako yamekuwa manjano kama maganda ya limau, halafu unashinda kwenye mapipa."

"Nashinda kwenye mapipa tangu hujazaliwa."

"Ndiyo hilo ninalosema."

Delmira, mkewe Ladislao, alikuwa amesimama jikoni amewapa mgongo, akikoroga mchuzi wa nyanya. Moto alikwisha kuuzima kitambo. Mchuzi wenyewe haukuhitaji tena kukorogwa, lakini aliendelea kukoroga. Kutoka pale hadi mezani ni hatua tatu, na maneno aliyopaswa kuyasema hayakuzidi sentensi moja. Alikoroga mpaka kijiko kikaanza kukwaruza tako la sufuria, na nyuma yake akasikia Griselda akiwaita watoto waingie kunawa mikono. Nafasi ikawa imepita.

Miaka minne sasa Ladislao alikuwa haishi kwa kile anachokula. Damu ilimganda tumboni, utumbo ukafa, madaktari wakaukata na kumwachia kipande kisichozidi urefu wa mkono wa mtu. Ravioli zile zilikuwa za kumridhisha mdomo tu. Kilichomweka hai ni mfuko wa lita mbili uliokaa kwenye friji yake peke yake, pembeni ya friji ya nyumba. Saa mbili za usiku ulitundikwa, ukaungwa na mrija uliochomoza kifuani kwake, na pampu ikausukuma kidogo kidogo kwenye damu mpaka asubuhi.

Aliyeutundika ni Delmira. Alifundishwa wiki sita hospitalini La Plata: kunawa mpaka viwiko, barakoa, glavu, kufuta kichwa cha mrija huku ukihesabu mpaka thelathini, usiguse hapa, usipumulie pale. Katika miaka minne mrija ule haukupata uchafu hata mara moja, na manesi walikuwa wakimtolea mfano kwa wengine. Siku aliyohitimu alitia sahihi karatasi ya masharti. Sharti la tatu lilisema kwamba hakuna kitu kitakachoingia kwenye mrija huo ambacho daktari hakukiandika, na atakayelivunja, mgonjwa wake atarudishwa wodini.

Kabla ya hayo alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na miwili, na mkono wake ulikuwa na tabia moja. Mtoto mwembamba akifika dirishani na sahani yake, upawa ulirudi sufuriani mara ya pili. Mwalimu mkuu alimkanya, chakula hakitatosha. Delmira aliitikia vizuri tu, na kesho yake upawa ukarudi tena. Hakuwa mkaidi. Hakuweza kumwona mtu amekonda mbele yake, halafu yeye ndiye ameshika upawa.

Sasa mwembamba alikuwa mumewe. Zamani, alipokuwa fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda cha meli, Ladislao alikuwa na kilo mia na nane, na Delmira alikuwa akimwita Bonge. Kilo ziliondoka, jina likabaki. Mtu wa kilo hamsini na sita anaitwa Bonge mbele ya wageni, na wageni wanatazama chini.

*

Mwezi wa tisa mwaka uliopita Daktari Iraola, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwaambia kwamba vipimo vya ini havimpendezi. Mifuko ilikuwa myeupe kama maziwa, kwa sababu ya mafuta yaliyochanganywa humo, na mafuta hayo kila usiku kwa miaka minne ini linachoka nayo. Kuanzia wiki ile mifuko myeupe ingekuwa mitatu kwa wiki. Minne itakuwa bila mafuta, sukari na chumvi na vitamini tu. Ladislao alisema sawa. Delmira naye alisema sawa.

Ila mfuko usio na mafuta ulikuwa mwangavu, una umanjano kidogo, mtu angeweza kusoma gazeti upande wa pili. Delmira aliutundika usiku wa kwanza, akaona ametundika maji. Mwezi haujaisha Ladislao alikuwa amepungua kilo mbili. Muuza mboga wa kona, mwanamke mwenye mdomo, akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Delmi, huyo mwanaume unamnyima nini? Nimemwona jana, suruali inatembea mbele yeye anaifuata." Watu wakacheka. Delmira akacheka nao, akasahau kuchukua chenji yake.

Wiki hiyo hiyo, kwenye varanda ya kliniki, alikutana na Olinda. Mume wa Olinda naye alikuwa mtu wa mifuko, na alikuwa amefariki siku ishirini zilizopita. Miongoni mwao mtu akifa vitu vyake havitupwi. Sindano, pamba, mirija, hata pampu, mjane anavifunga kwenye boksi anakuja navyo kliniki, na mwenye mgonjwa anachukua anachohitaji, hakuna anayeandikishana wala kuulizana. Hivyo ndivyo wengi wao walivyovuka miezi ambayo bima ilichelewesha vifaa. Olinda alikuwa na boksi la chupa za kioo, robo lita kila moja, hazijafunguliwa, nyeupe pe.

"Chukua, dada," alisema Olinda. "Mimi nikizikuta jikoni nalia. Na nyumbani zimebaki zaidi ya hizi."

Delmira alizijua chupa zile za mafuta. Mwaka wa kwanza, kabla mafuta hayajaanza kuchanganywa humo humo mfukoni, walikuwa wakizitundika pembeni, na bado alikumbuka namna ya kuunganisha mrija wa pili. Alichukua boksi. Wiki tatu baadaye alikwenda nyumbani kwa Olinda kuchukua zilizobaki.

Alianza na usiku mmoja wa mfuko wa maji, kisha yote minne. Ladislao alipouliza hiyo chupa ni ya nini, alimjibu kwamba daktari amebadilisha tena. Ladislao hakuuliza mara ya pili. Alikuwa amemkabidhi mwili wake kwa miaka minne, na mtu aliyekabidhi hafungui kila siku kuangalia.

Krismasi alikuwa na kilo hamsini na nane. Muuza mboga alimsifu. Griselda alimkumbatia mama yake jikoni, akasema mama, wewe ni zaidi ya daktari. Yale maneno Delmira alitembea nayo wiki nzima.

Katikati ya mwezi wa kwanza Ladislao alianza kujikuna. Kwanza viganja, kisha nyayo, kisha mgongo, mpaka akawa anajisugua kwenye fremu ya mlango. Macho yakafuata, yakawa ya manjano. Daktari Iraola alitazama karatasi ya vipimo, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu liliandikwa huko.

"Siyo mafuta," alisema. "Mafuta nimekwisha kuyapunguza zaidi ya nusu. Kwa hesabu ilipasa ini lipate nafuu."

Delmira alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani. Usiku huo hakutundika chupa. Kesho yake Ladislao alipotoka, alizifungua zilizobaki, kumi na moja, akazimwaga kwenye sinki moja baada ya nyingine na kufungulia maji ya moto, na sinki likabaki na utelezi kwa siku kadhaa. Alijiambia kwamba ini litasafishika lenyewe. Mwezi mmoja, labda miwili, macho yatarudi meupe, na jambo litakuwa limekwisha bila mtu kurudishwa wodini.

*

Macho hayakurudi. Mwezi wa pili ukafika na mavuno yake. Ladislao hakuweza kubeba makreti tena lakini aliweza kuketi na kuchambua vishada, na wenzake wa kibanda cha kukamulia divai walimtunzia kiti chake. Kila familia ya mji wao, Berisso, ina mtu wake kwenye mizabibu ya pwani. Ladislao alijiunga akiwa kijana, na tangu akatwe utumbo hakuwahi kuonja tone. Ukimpa ainuse atakwambia pipa hili litaharibika na hili litafaa, na walikuwa wakimwamini.

Kwa hiyo alikwenda kliniki na vidole vya zambarau. Daktari Iraola aliviangalia vidole kabla ya kuangalia vipimo.

"Don Ladislao, unakunywa kiasi gani?"

"Sinywi."

"Sikuulizi ili nikugombeze."

"Na mimi sikujibu ili unisifu. Sinywi, daktari. Nachambua zabibu."

Walimtoa damu, haikuwa na pombe. Daktari akasema, kwa upole kabisa, kwamba pombe hutoka kwenye damu kwa siku moja na mtu anayekuja kliniki anajua tarehe yake. Na tena uzito ulikuwa unashuka, na hilo nalo huendana na ulevi. Delmira alijua uzito unashuka kwa nini. Ulishuka tangu siku ya sinki.

Daktari alieleza yaliyokuwa mbele yao, na alieleza polepole ili wote wawili waelewe. Ini limeanza kuwa gumu. Likiendelea hivi, mwaka huu au ujao litashindwa, na mtu asiye na ini mifuko haitamsaidia. Njia iliyobaki ni kupandikizwa ini na utumbo kwa pamoja, Buenos Aires, na kuna kamati inayochagua nani aandikwe kwenye orodha. Kamati hiyo haimwandiki mtu anayekunywa. Itataka miezi sita ya kikundi cha wanaoacha pombe, na barua ya kikundi kwamba mgonjwa amelikubali tatizo lake.

"Nikubali tatizo ambalo sina?" Ladislao aliuliza.

"Wote husema hivyo," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka.

Wakiwa kwenye basi la kurudi Ladislao alimgeukia mkewe. "Delmi, wewe unalala nami kitanda kimoja. Umewahi kunisikia nanuka?"

"Sijawahi."

"Basi mbona hukumwambia?"

Delmira alisema daktari asingemsikiliza mke. Ladislao akafikiri, akaona kweli.

Aliposikia Griselda, ndipo akaja na ile Jumapili yake ya kunusa.

*

Kikundi kilikutana Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Viti kwenye duara, birika la kahawa, na nyuma karibu na ukuta safu ya viti vya wake na waume. Delmira aliketi huko na wanawake wengine wanne, na mmoja akamminya mkono kwa huruma, huruma ya mwenye maradhi sawa.

Zamu ya Ladislao ilipofika alisimama. Shati lilimpwaya, na mkono mmoja alikuwa akijikuna chini ya mkanda.

"Naitwa Ladislao," alisema, "na mimi si mlevi."

Kicheko kidogo kilizunguka duara, si cha kumdhihaki. Mwenyekiti, mwanamume mnene aliyekuwa dereva wa lori, alimwambia, "Karibu, ndugu Ladislao. Sote tulianzia hapo hapo ulipo."

"Mimi siko hapo."

"Hapo hapo," alisema mwenyekiti kwa upendo, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Alhamisi ya pili alisema vile vile. Alhamisi ya tatu mtu mmoja alimwambia kwamba kiburi ndicho chupa ya mwisho kuachwa, na duara zima likamwangalia, likingoja. Ladislao alikaa chini, akajikuna kiganja.

Alhamisi ya nne ilikuwa mvua. Ladislao alisimama nyuma ya kiti chake, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Naitwa Ladislao," alisema. "Nilikunywa."

Walimpigia makofi. Mwenyekiti alikuja akamkumbatia, akampigapiga mgongoni kwa uangalifu kwa sababu ya mrija. Mmoja alitaka kujua ilikuwa kiasi gani kwa siku, na Ladislao, ambaye hakuwahi kuwa mwongo mzuri, alisema glasi mbili, kisha akaona haitoshi, akasema lita. Yule mwanamke wa pembeni akamnong'oneza Delmira, "Mungu mkubwa. Sasa utalala." Na Delmira, kwa kuwa watu wote walikuwa wakipiga makofi, akajikuta naye anapiga.

Njiani Ladislao alikuwa mchangamfu, karibu amwonee mkewe huruma kwa ule uso alioukunja. "Usinune basi. Sasa wataniandikia barua. Iraola alisema waliokubali husogea haraka." Akatembea kidogo. "Au labda nilikunywa usingizini, nani ajuaye. Watu wazima wote wale hawawezi kukosea kwa pamoja."

Alisema kwa mzaha. Lakini Delmira alisikia kwamba mzaha ule ulikuwa na kipande ndani yake kisichokuwa mzaha, na ndicho kilichomwamsha kesho yake kabla ya jua, akamfungua mumewe kwenye pampu, akavaa koti, akapanda basi la La Plata peke yake.

*

Daktari Iraola alimsikiliza bila kumkatiza. Aliuliza mambo matatu tu: chupa za aina gani, mara ngapi kwa wiki, na mwisho lini. Aliandika. Kisha akapiga hesabu pembeni mwa karatasi, akaipigia mstari chini.

"Kila usiku, basi," alisema. "Mafuta kila usiku, juu ya sukari niliyokuwa nimeiongeza ili kufidia mafuta. Ulikuwa unamlisha chakula cha watu wawili, mama."

"Alikuwa anakonda, daktari."

"Alikuwa anakonda kwa sababu nilitaka akonde kidogo. Kilo mbili nilikuwa nimezikubali. Sikukwambia?"

Huenda aliambiwa. Delmira hakukumbuka. Alikumbuka mfuko wa maji na foleni ya mboga.

"Ungeniambia mwezi wa kwanza," daktari alisema, "ningejua la kufanya siku ile ile. Kuna mafuta ya aina nyingine, ya samaki, ini linayavumilia zaidi. Ningeomba hayo. Ningepunguza sukari. Badala yake nimekaa miezi miwili natafuta divai." Alivua miwani. "Na mimi nimemtukana mtu mzima mbele ya mkewe. Hilo ni langu."

Delmira aliuliza kama ini litapona. Daktari alisema lililovimba linaweza kutulia, lakini lililokwisha kuwa kovu litabaki kovu, na asingemdanganya kwa kumwambia ni kiasi gani. Ataiandikia kamati kwamba alikosea. Kamati ilikuwa imeketi Jumatatu iliyopita na jina la Ladislao likawekwa kando, na itaketi tena majira ya baridi. Ama sharti la tatu, wodini hatamrudisha, kwa kuwa huko atapata vijidudu na kufa upesi zaidi. Ila Delmira hatamuunga tena mfuko. Atakuja nesi, na nesi atamfundisha binti.

"Yeye anajua?" daktari aliuliza.

"Hajui."

"Umekuja kwangu kwanza."

Delmira alifunga zipu ya mkoba.

"Nenda nyumbani, mama. Saa kumi nitampigia simu. Afadhali awe amekwisha kusikia kwako."

Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anakwangua kutu kwenye kiti cha bustani. Alimwambia akiwa amesimama, koti mwilini, mkoba mkononi. Alianza na Olinda, akaja kwenye chupa, akaja kwenye sinki. Ladislao aliendelea kukwangua kwa muda baada ya kuanza kusikiliza, kisha mkono ukapungua kasi, kisha ukasimama.

Delmira alikuwa amejiandaa kwa ajili ya ini. Alikuwa na maneno ya ini tayari. Alikuwa na ya kumwomba msamaha kwa ajili ya kamati, na kwa ajili ya miezi. Lakini Ladislao hakuuliza kuhusu ini.

"Ile Jumapili," alisema. "Grise aliponinusa mdomo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa jikoni."

"Nilikuwa jikoni."

"Ulikuwa unasikia."

"Nilisikia, Bonge."

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti. "Nimepumua mbele ya mtoto wangu kama gari linalokaguliwa, na wewe unakoroga mchuzi. Chupa nakuelewa. Ungenitilia hata mafuta ya taa ukidhani nitanenepa, ningekuelewa. Lakini pale ulikuwa unajua."

Aliinama akaendelea na kutu. Saa kumi simu ililia ndani, akainuka akaenda kuipokea mwenyewe.

*

Nesi alikuja siku kumi, kisha Griselda akahitimu. Kila jioni alitoka benki akapitia pale, akavua pete, akanawa mpaka viwiko. Mikono yake ilikuwa mizuri lakini ya polepole, na mara mbili alisahau kufungua kibano cha mrija kabla ya kuwasha pampu, ikapiga kelele. Delmira alikuwa akisikia kutoka upande wa pili wa mlango, kwa kuwa Ladislao alitaka mlango ufungwe. Alijua kelele ile ni ya kibano. Asingeweza kusema. Griselda hakumgombeza mama yake hata neno moja, na hakumkumbatia tena jikoni.

Mifuko mipya ilikuja na yale mafuta ya samaki. Kuwashwa kulipungua kidogo. Macho yalikuwa yale yale.

Ladislao aliacha kwenda kanisani Alhamisi, akaacha na kibanda pia. Delmira alipomuuliza kwa nini haendi, alisema huko nako walikwisha kusikia kwamba amekiri kulewa lita kwa siku, na walikuwa wakimficha jagi la divai kila akiingia. Walifanya hivyo kwa wema. Hakuweza kuuvumilia ule wema. Ndipo akasema neno la kwanza refu tangu siku ya kigoda.

"Nenda ukawaambie wewe. Mimi wakinisikia nasema sinywi watanipigia makofi."

Delmira alikwenda Jumamosi, mchana, wakati wote wangekuwepo. Kibandani walikuwa saba, wakihamisha divai mpya kutoka pipa hadi pipa, na mkubwa wao, Evaristo, mzee wa mabuti ya mpira, alimfutia kiti kwa kofia yake. Alipotaja jina la mumewe, kijana mmoja alilisukuma jagi kwa mguu mpaka likapotea chini ya benchi.

Hakukaa. Alisema yote, mbele ya wanaume saba: chupa, sinki, na kwamba Ladislao hajagusa tone kwa miaka minne na alikiri kwa sababu kikundi cha kanisani kilimlazimisha akiri. Alieleza hata habari ya mafuta na sukari, mpaka akasikia sauti yake inapanda.

Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, Evaristo alitazama mabuti yake.

"Shemeji," alisema, "hapa hakuna anayemhukumu Lao. Hata mmoja."

"Sisemi mnamhukumu. Nasema hakunywa."

"Sawa. Tumesikia."

"Ni mimi, Evaristo. Ni mkono wangu."

"Marehemu mke wangu naye," alisema Evaristo polepole, "alikwenda mpaka kwa padri kumwambia kwamba mimi nayumba kwa sababu ya masikio, si ya divai. Masikio. Alikula kiapo. Mwanamke wa namna hiyo humpati mara mbili." Wenzake wakainamisha vichwa. Mmoja kule nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba Lao ana bahati, na wala hajui. "Mwambie arudi tu, shemeji. Kiti chake kipo. Hatutamwekea kitu mbele."

Walimsindikiza hadi barabarani, wawili, mmoja kila upande, kama anayetoka kuzika.

Ladislao alikuwa kwenye benchi mbele ya nyumba, blanketi magotini, anamngoja. Tangu mbali Delmira alimwona akinyoosha shingo. Njia nzima alikuwa amefikiri kumwambia kwamba wameelewa. Ni neno moja, na lingempa mtu yule usiku mmoja wa amani. Lilikuwa tayari mdomoni alipofungua geti.

"Wamesemaje?"

"Hawakuniamini."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Evaristo amesema mimi ni mke mwema."

Ladislao alimwangalia kwa yale macho ya manjano, muda mrefu kiasi kwamba Delmira alianza kuvua koti ili awe na la kufanya. Kisha akatoa pumzi puani, kitu kama kicheko.

"Basi sasa tuko wawili," alisema.

Hakumwambia akae, wala hakusogea kumpisha. Nafasi iliyobaki kwenye benchi ilikuwa ndogo. Delmira alilikunja koti, akakaa.